Khabari za Majambia Yetu na Mipini Yake

Nimeombwa na jamaa wanaokishughulikia kitabu chetu hiki niandike kidogo juu ya majambia ya wazee wetu, khasa namna yalivyokuwa yakitengenezwa upya: mpini ukibadilishwa, bapa likisuguliwa, ala ikivishwa fedha nyengine. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba swali hili huulizwa kila arusi inapokaribia, na kila mtu hujibu lake. Ya pili ni kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuliharibu jambia la babu yangu, na aliyekwisha kuharibu ana mengi ya kusema kuliko ambaye hajagusa kitu.

Tuanze na majina, kwani vijana wetu wengi huliona jambia siku ya Idi na siku ya arusi tu, na siku nyengine zote huliona katika bendera, ambayo imelibeba tangu Disemba 1970. Kwetu Unguja tulisema jambia, na wengine hanjari. Wenyewe Omani husema khanjar. Mpini huitwa karni, yaani pembe, na jina hilo halibadiliki hata mpini ukiwa wa mti. Shingoni mwa mpini lipo noleo la fedha. Bapa limepinda, lina makali pande mbili na mgongo ulioinuka katikati, na nyuma yake una msuka unaoingia ndani ya mpini na kushikwa humo kwa ulimbo uliyeyushwa. Ala ndani ni mti, juu ya mti ni ngozi, juu ya ngozi ni fedha na nyuzi za fedha. Pale juu panaitwa sadri, kifua, na pale katikati zimo pete, nne au saba, ambazo mbili kati yake hushika mshipi. Nyuma ya ala mara nyingi huchomekwa kisu kidogo cha kazi, na hicho ndicho kilichokuwa kikitumika kwelikweli, kwa kukatia kamba au kumenyea chungwa. Jambia lenyewe halikumenya chungwa.

Umbo la jambia humwambia ajuaye mtu ametoka wapi. La Nizwa ni kubwa na zito, na mpini wake juu ni bapa pana, kama herufi T. La Suri ni dogo na jepesi, na watu wa Suri, ambao ni watu wa bahari, wamependa sana kulipamba kwa dhahabu. La Saidi, lililopewa jina la ukoo wa kifalme, lina pete saba, na mpini wake umefunikwa fedha iliyofumwa nyembamba kama utando. Husimuliwa kwamba umbo hilo la mpini lilitungwa na mke mmoja wa Sayyid Said bin Sultan, binti wa kifalme kutoka Uajemi. Mimi nasema husimuliwa, basi. Lakini Sayyid Said alikaa Unguja mpaka alipokufa baharini mwaka 1856, na mtindo wa kwao ndio uliokuwa ukitazamwa kule na kila aliyetaka kuonekana mtu mbele ya watu.

Ama mpini, hapo ndipo penye khabari ndefu.

Mpini uliothaminiwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru. Omani huitwa zarafu, ambalo ni jina la twiga, na twiga masikini hana pembe ya kutosha hata kutengenezea kifungo. Pengine wafanyabiashara wa bara waliuza pembe bila ya kueleza imetoka kwa mnyama gani, na wanunuzi waliokuwa hawajapata kumwona mnyama mwenyewe wakampa jina walilolijua. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Ni kitu kile kile cha kucha na nywele, nyuzi zilizoshikana barabara, na ndiyo maana ikisuguliwa kwa miaka mingi na kiganja cha mkono huzidi kung'aa, ikawa na rangi ya asali, na ukiiweka mbele ya taa mwanga hupita. Mpini wa mti huchakaa kwa kushikwa, na huu hupendeza kwa kushikwa. Hiyo ndiyo siri ya bei yake.

Pembe hizi zilitoka kwetu. Namaanisha zilitoka katika bara ya Afrika ya Mashariki, zikashuka pwani Bagamoyo na Mombasa, zikapita Unguja, na zikapakiwa majahazini pamoja na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Nyengine zilikwenda Bara Hindi na Uchina kwa dawa, nyengine zikaja Arabuni kwa mipini. Na waliokwenda kuzitafuta bara wengi wao walikuwa watu wa Sharkia. Ibra na vijiji vyake ilitoa Waharthi, Wabarwani na wengineo waliofika Tabora, Ujiji, na wakavuka mpaka Manyema. Majumba makubwa ya mitaa ya Manzafa na Qanatir mjini Ibra, ambayo leo mengi ni magofu, hayakujengwa kwa tende peke yake. Ukiingia humo ukatazama milango na dari zilizochorwa, unajua fedha ilitoka wapi.

Katika kurasa zetu hizi huwa tunaandika biashara ya pembe tukanyamaza juu ya waliozibeba. Misafara ile ile iliyoleta pembe ilileta na watumwa, mpaka soko lao Unguja lilipofungwa mwaka 1873, na baada ya hapo pia kwa magendo. Sijui mpini wa jambia la babu yangu ulibebwa na nani kutoka bara, mpagazi wa mshahara au mtu aliyefungwa mnyororo. Wala mtu yeyote katika ukoo wetu hajui. Nimeandika hivi kwa sababu mjukuu wangu aliniuliza, na sikuwa na jibu jengine la kumpa.

Fedha nayo ilikuwa na safari yake. Masonara wa Nizwa na wa Suri, na masonara wa Kihindi na wa Kiarabu waliokuwa Mjini Unguja, hawakuwa na mgodi wa fedha. Waliyeyusha sarafu. Ile tuliyoiita reale ya Sham, yenye sura ya Maria Theresa malkia wa Austria, imeandikwa mwaka 1780 ijapokuwa iliendelea kupigwa miaka mingi baada ya hapo, kwani Waarabu na Wahabeshi hawakutaka sarafu yenye tarehe nyengine. Uzito wake ni gramu 28, na katika kila sehemu sita, sehemu tano ni fedha safi. Sonara aliletewa reale, akazipima, akaziyeyusha mbele ya mwenyewe ili asishukiwe. Bibi akifa, vikuku vyake huenda vikawa pete za jambia la mjukuu. Na jambia likichakaa, fedha yake huenda ikarudi kuwa vikuku. Kwa hivyo mtu akikwambia ana ala ya miaka mia mbili, mwulize ni ala au ni fedha yake. Ninavyoona mimi, katika majambia yetu mengi bapa ndilo la zamani kuliko vyote, kisha mpini, na ala ndiyo changa.

La babu yangu lilikuwa hivyo. Baada ya Januari 1964 nyumba nyingi zetu ziliondoka na kilichoweza kubebwa. Mama alilivua jambia ala yake yote. Fedha ikauzwa Dar es Salaam kwa bei ya chini, na nauli ikatoka humo. Ile misumari midogo ya fedha iliyokuwa usoni mwa mpini ilingolewa mmoja mmoja kwa ncha ya mkasi, na matundu yake yakabaki. Bapa na mpini wake akaushonea ndani ya mto wa sufi, na mto huo tukaulalia, sisi watoto, bila ya kujua tunalalia nini. Tulifika Maskati mwaka 1972, baada ya Sultan Qaboos kuwaita waliokuwa nje warudi. Mto ulipofunguliwa, bapa lilikuwa limepata kutu kwa jasho la vichwa vyetu na unyevu wa pwani.

Mwaka 1974 baba alilichukua mpaka Nizwa, sokoni chini ya ile ngome ya mviringo iliyojengwa na Imamu Sultan bin Saif wa Yaarubi katika karne ya 17, nami nilikwenda naye. Sonara alikuwa mzee. Aliligeuzageuza, akaupeleka mpini kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza, "Unataka ala ya wapi?"

Baba akajibu, kwa Kiarabu chake cha kusomea msahafu, "Ya fedha."

"Fedha najua, ya sheikh. Ya wapi? Ya hapa? Ya Suri? Ya Saidi?"

Baba alikuwa akitwambia tangu tuko wadogo kwamba sisi ni watu wa Ibra. Kumbe hakuwahi kuiona Ibra, wala baba yake hakuiona. Akamwuliza sonara, watu wa Ibra huvaa lipi?

Yule mzee akacheka, bila ya ubaya. "Wewe ndiye mtu wa Ibra, na unaniuliza mimi?"

Nakumbuka baba alinyamaza muda mrefu, akitazama mikono yake. Mwisho akasema, "La Saidi," kwa sababu ndilo alilolizoea viunoni mwa wazee Unguja. Basi vikuku viwili vya shangazi vikaingia kalibuni, tukapata ala ya pete saba. Mpini ukabaki ule ule wa pembe, wenye kichwa cha T, matundu ya misumari yakafunikwa kwa kibati cha fedha. Jamaa wa Ibra walipoliona baadaye walilitazama sana. Ala ya mtindo huu, mpini wa mtindo ule. Mmoja akasema jambia hili limechanganya kama wenyewe lilivyochanganya, na watu wote wakacheka, na baba akacheka nao. Alilivaa hivyo hivyo mpaka alipokufa.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Sonara wa Nizwa alilisugua bapa kwa mafuta na unga wa jiwe, akaitoa kutu nyekundu, lakini aliyaacha madoa meusi na vishimo vidogo. Mwaka 1986, jambia likiwa mikononi mwangu, niliona haya kulichomoa mbele ya watu. Nikalipeleka katika duka moja katika mji mmoja wa Ghuba, linalochovya bampa za magari na vifaa vya mahospitali, wakalivika kromiamu. Kazi hiyo huanza kwa kukiosha chuma ndani ya tindikali, kisha hutiwa nikeli kwa umeme, kisha kromiamu juu yake. Lilirudi linang'aa kama kijiko cha arusi. Nilifurahi sana. Mgongo wa katikati, uliokuwa mkali kama ukingo wa jani la mnazi, ulikuwa umelainishwa na gurudumu lao la kusugulia, lakini siku ile sikuuona. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshika moyo wa kurembesha, nikaupaka mpini vanishi.

Kwa nini lilikuwa kosa? Kutu haitoki kwa kufunikwa. Ikibaki chembe ndani ya kishimo, na tindikali ikibaki humo pamoja nayo, huendelea kula chuma chini ya ngozi ile ya nikeli, na siku moja ngozi huinuka kama malengelenge ya mtu aliyeungua. Kabla ya miaka minne kwisha nilikuwa nikibandua vipande kwa ukucha. Vanishi nayo iligeuka rangi ya manjano ikapasuka, kwani pembe hunywea na kutanuka kwa joto na unyevu, na vanishi haiwezi kuifuata. Ajabu ni kwamba vanishi nyingi nzuri za zamani huko Ulaya na Marekani zilipikwa kwa sandarusi iliyochimbwa mrima kwetu na kupelekwa kwa merikebu mpaka Salem. Tulikuwa tukiuza dunia nzima vanishi, na wazee wetu hawakuipaka kwenye mipini yao. Ningelijiuliza kwa nini, ningelisalimika.

Aliyelitengeneza tena alikuwa mhunzi wa kijiji kimoja cha Sharkia, na kazi yake niliitazama tangu mwanzo mpaka mwisho kwa siku tatu. Kwanza alitenganisha mpini na bapa. Alilipasha moto bapa karibu na msuka, kidogo kidogo, akigusa kila mara kwa kidole, mpaka ulimbo ulipolegea. Hapo ndipo penye khatari, kwani moto ukizidi pembe huungua, na utajua kwa harufu yake, harufu ya nywele zinazoungua. Nilipoinusa kidogo moyo ulinidunda. Yeye alivuta mara moja, msuka ukatoka. Kisha alilikwangua bapa kwa tupa laini mpaka nikeli ikatoka yote, akalipiga msasa, mkavu kwanza kisha wa mafuta, akisugua kwa urefu wa bapa wala si kwa kuzunguka, ili mgongo upate kurejea ukingo wake. Ulirejea, si wote. Vishimo aliviacha. Nilipomwambia avifute alikataa akasema avifute vipi, kwa kulimaliza bapa? Mwisho alilipangusa mafuta mepesi ya cherehani, si ya nazi, maana mafuta ya nazi huchacha na hushika vumbi, na akaniambia nisiliache ndani ya ala mwaka mzima. Ngozi ya ala ina mabaki ya dawa za kuiwambia, nayo hukila chuma. Nizwa ni kukavu, lakini aliyeko Suri au Maskati kwenye hewa ya chumvi na alichomoe kila mwezi.

Mpini aliukwangua vanishi kwa kipande cha kioo, akausugua kwa kitambaa na majivu laini, kisha akanipa mkononi. Akasema kazi iliyobaki ni ya kiganja changu.

Ningependa kuishia hapo, lakini limetokea jengine, na jamaa wengi mlio nje mtalikuta.

Kwa wingi wa faru tuliokuwa nao, nani angelifikiri wangelikwisha? Faru weusi Afrika nzima walikadiriwa kuwa kiasi cha 65,000 mwaka 1970. Mwaka 1995 walibaki kama 2,400. Kenya peke yake iliwapoteza maelfu kwa maelfu ikabakiwa na mia chache. Walioua walikuwa wawindaji wa magendo wenye bunduki za kivita. Walionunua walikuwa wa Uchina na nchi jirani zake kwa dawa, na Yemen ya Kaskazini kwa mipini ya majambia, pale vijana wake waliporudi na fedha za mafuta kutoka Saudia na kila mmoja akataka kuvaa alichokivaa sheikh peke yake. Sisi Waomani hatukuwa wengi katika soko lile, lakini tulikuwamo. Biashara ya pembe baina ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa mapatano ya kimataifa ya CITES mwaka 1977, Yemen ikakataza kuziingiza mwaka 1982, na Omani ikaingia katika mapatano hayo mwaka 2008. Leo mipini mipya hufanywa kwa sandali, kwa mti mwengine mgumu, au kwa plastiki iliyopikwa ifanane na pembe. Na sanaa yenyewe haikufa. Mwaka 2022 UNESCO iliandikisha ufundi wa khanjar na desturi zake katika urithi wa wanaadamu.

Basi mwaka 2011 mjukuu wa dada yangu alioa Uingereza, naye akataka kuvaa jambia la babu. Pembe ya kifaru haivuki mpaka bila ya vibali, hata ikiwa ya mwaka gani, na asiyekuwa navyo hunyang'anywa forodhani. Vibali vilikuwa havipatikani kwa siku zilizobaki. Mimi nikasema mpini uvuliwe, utiwe mwengine wa sandali, msuka ule ule, bapa lile lile. Ndugu yangu mkubwa akakasirika. Alisema jambia lisilokuwa na zarafu ni kisu cha jikoni kilichovaa fedha, na bora kijana aoe kiuno kitupu. Dada akamjibu kwamba kijana wake hatakwenda kuoa mikono mitupu kwa ajili ya pembe ya mnyama aliyekwisha kumalizwa. Yalisemwa mengine ambayo hayafai kuandikwa katika kitabu cha ukoo. Mpini wa sandali ukafanywa Nizwa, ukasafiri, kijana akaoa, picha zake mmeziona.

Ndugu yangu hakuja arusini. Tulipatana naye baadaye kwa mambo yote isipokuwa hilo, na mpaka alipofariki alikuwa akiniuliza kila Idi, "Mpini wangu umeurudisha?"

Sijaurudisha. Jambia lina wajukuu wengine huko nje wanaolingojea. Mpini wa pembe uko nyumbani kwa dada, katika sanduku la mti, umefungwa kitambaa cha pamba na kutiwa konzi moja ya karafuu, kwani wapo wadudu wanaokula pembe kama wanavyokula sufu. Karafuu hubadilishwa kila mwaka mwezi wa Shaaban. Anayetaka kuushika na auombe, na akimaliza asiufunge kabla ya kuupangusa.